Uzi: Shemegi anataka kukodi besmenti Mji Mkongwe afungue tuisheni. Mvua ikipiga maji yanaingia au hayaingii?

#1 mtoto_wa_kikwajuni
Assalaam aleikum wana jamvi. Shemegi yangu, mume wa dada, kapata chumba cha chini ya ardhi Mji Mkongwe, mtaa siutaji, kodi karibu nusu ya vyumba vya juu. Anataka atie madawati afundishe hesabu na fizikia watoto wa skuli, kuanzia baada ya alasiri mpaka magharibi. Jana kanichukua nikakione. Unashuka ngazi 11, nyembamba, mtu mmoja mmoja, chini kuna mlango mmoja wa mbao za kizamani, unafungukia nje upande wa ngazi. Dirisha hakuna, tundu mbili za hewa juu karibu na dari basi. Chumba chenyewe kizuri, ubaridi tupu, nje jua linakupasua kichwa ndani unataka koti.

Sasa kilichonishughulisha ni rangi. Kuta zote zimepauka, chokaa inabanduka, ila kuanzia chini mpaka hapa magotini pamepakwa rangi ya mafuta ya kijani, mpyaaa, mstari umenyooka umezunguka chumba kizima. Nikamuuliza mwenye nyumba vipi hii, akanambia "urembo tu". Shemegi kacheka kapita. Mie usingizi sina. Hivi vyumba vya chini mjini vinajaa maji ya mvua au hofu yangu tu?

#2 Kitumbua
Urembo wa magotini 😂😂 nyumba imevaa soksi

#3 Shangani_Old
Hofu yako tu. Mie nimekulia nyumba ya Shangani tuna ghala chini, marehemu babu akiweka karafuu na magunia ya mchele, masika zote nilizoishi pale hata kunguni hajalowa. Mji umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, maji yanapita kama chujio la nazi. Kinachojaa maji ni huko kwenu Ng'ambo, Mwanakwerekwe, Kibonde Mzungu, Sebleni. Mjini maji yanakwenda zake baharini.

#4 FundiMtaro
@Shangani_Old heshima yako mzee wangu lakini hapo umeliweka jumla mno. Mji Mkongwe wote si Shangani. Shangani ni kule nchani, pamenyanyuka. Njoo upande wa Darajani na Mkunazini: pale kwani kwa nini paitwe Darajani? Palikuwa na daraja, na daraja haliwekwi pakavu. Ilikuwa hori ya bahari imeutenga mji na Ng'ambo, Mwingereza ndo akaifukia kidogo kidogo, bwawa lile nyuma ya hoteli ya Bwawani ni mabaki yake. Kwa hiyo kuna nyumba zimekaa mwambani na kuna nyumba zimekaa kando ya kifusi, na maji yana kumbukumbu wallahi, mahali alipokuwa akipita babu yake na yeye atapita.

Swali la kwanza kwa mleta uzi: mlango wa kuingilia pale juu kwenye kichochoro una kizingiti kilichonyanyuka au umelala sawasawa na njia?

#5 mtoto_wa_kikwajuni
Umelala sawasawa na njia. Tena kichochoro kimetiwa saruji karibuni, naona kama kimekuwa juu kuliko kizingiti.

#6 FundiMtaro
Basi jawabu unalo. Mtu akitia saruji juu ya saruji kila miaka michache njia inapanda, nyumba inabaki palepale. Zamani ulikuwa unapanda kuingia nyumba za mjini, sasa nyengine unashuka. Hesabu ni nyepesi, mvua ya milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba. Sasa kichochoro pamoja na mapaa yanayomwaga hapo tuseme mita mraba 600, ikija mvua ya milimita 80 kwa saa moja, hayo ni maji lita 48,000, ni kama kuyamwaga yale matangi ya lita elfu moja 48. Chumba cha mita 6 kwa 8 ni mita mraba 48. Yakikosa pa kwenda yote yakashuka kwenye zile ngazi 11, ndani una maji ya mita moja kamili. Hata ikiingia nusu tu, ndo hapo magotini penye soksi ya kijani.

#7 sauti_ya_chura
Milimita 80 kwa saa moja umeiona wapi hapa Unguja fundi, acha kututisha. Hapa mwaka mzima ni kama 1,600 hivi, ina maana mvua ya mwaka igawiwe saa ishirini tu imeisha?

#8 FundiMtaro
Sikusema inanyesha kila siku yakhe. Nimeichukua kwa sababu ndo iliyopiga New York tarehe 1 Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida, pale Central Park ilirekodiwa karibu milimita 80 kwa saa moja. Mji ule wakafa watu 13, na 11 katika hao walikuwa kwenye vyumba vya chini vya kukodi, vya bei rahisi. Bei rahisi, unasikia? Unaiweka nusu, unaiweka robo, mradi hesabu uijue.

#9 DubaiKwetu
Mie nipo Dubai, ile ya April 2024 ilinikuta hapa. Mwaka mzima huku hupati hata milimita 100 na siku moja ile airport ilipigwa zaidi ya 140. Jengo tunalokaa parking ipo chini ghorofa mbili. Mhindi jirani yangu kanigongea, "ndugu gari yangu chini", tukashuka wote mpaka ngazi ya katikati, nikaona maji meusi yanazunguka polepole na kandambili ya mtu inaelea inazunguka nayo, taa bado zinawaka ndani ya maji. Nikamwambia gari si yangu wala si yako, ya benki, turudi. Na kweli ilikuwa ya mkopo 😂 Lakini ile taa inayowaka chini ya maji sijaisahau mpaka leo.

#10 Kitumbua
Ile si walisema wamepiga mawingu sindano?

#11 DubaiKwetu
Walisema wengi, wenye idara ya hali ya hewa wakakana, na mvua ile ilipiga Oman pia, haikuchagua. Tusiende huko tutapotea.

#12 Nahodha_Mstaafu
Nyote mnatazama juu. Mie nawaambia tazameni chini na tazameni mwezi.

Mji ule umechomoza baharini na mitaro yake inamwaga humo. Bahari yetu siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, inapanda na kushuka kama mita 4. Maji yakijaa midomo ya mitaro inazibwa na bahari yenyewe, mvua ikinyesha saa hiyo haina pa kutokea, inarudi nyuma. Na bamvua kubwa za mwaka huja karibu na mwezi wa tatu na wa nne, yaani masika inapoanza. Sasa sikilizeni jambo ambalo mtu wa bara halijui: bamvua hapa Unguja maji hujaa saa kumi na kitu, alfajiri na alasiri. Daima. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndo hujaa nyakati nyengine. Kwa hiyo mtoto wangu wa Kikwajuni, huyo shemegi yako kachagua kusomesha saa ileile ambayo bahari ipo juu.

#13 mtoto_wa_kikwajuni
Subhanallah. Hili sikuwahi kulifikiria ami.

#14 Shangani_Old
Nahodha hapo umenena, hilo la saa kumi kweli tupu, sie watoto tukijua siku ya kuruka pale Forodhani kwa kuangalia mwezi. Lakini bado ghala letu halikuingia maji.

#15 Kitumbua
Mzee na ghala lake

#16 bimkubwa77
Ghala la mzee lilikuwa na karafuu, maji gani yatasogea.

Haya mie nilete langu. Miaka ya nyuma nilikuwa na duka la vitambaa, stoo yangu chini, sitaki kutaja wapi. Masika moja usiku kucha inanyesha, asubuhi nafika njia kavu, mlango mkavu, ngazi kavu kabisa vumbi lake lipo, nafungua stoo mabunda ya chini yote yamelowa mpaka bunda la pili. Maji hayakuingia mlangoni. Yalitoka sakafuni, pale kati palipopasuka, yanabubujika taratibu kama mtoto anavyotoa mate. Nikaweka kanga, nikaweka gunia, nikaweka saruji, mwaka wa pili yakatokea pembeni. Nilihama. Kwa hiyo fundi anasema juu, nahodha anasema mtaro, mie nasema chini.

#17 FundiMtaro
Bimkubwa maji yalikuwa ya chumvi au baridi? Ulionja?

#18 bimkubwa77
Nionje maji ya stoo mie nimepungukiwa nini?

#19 Kitumbua
😂😂😂

#20 FundiMtaro
Sicheki. Ukionja unajua. Chumvi ni bahari inasukuma kupitia mwamba, visima vya karibu na pwani si mnaona maji yanapanda na kushuka na bahari? Baridi ni mvua imejaa ardhini imekosa pa kwenda. Harufu ni karo la jirani, shimo lake la maji machafu.

#21 Mpemba_Asilia
Na huku kwetu Pemba tuseme nini, sie hatuna besmenti tuna milima 😅 Nipo Chake. Udongo wetu mwingi wa kushika, si mawe kama kwenu, mtu akichimba chini ya nyumba akaweka gereji basi maji yakishaingia hayatoki, yanakaa kama kwenye chungu. Jirani alikata kilima akajenga chumba cha nyuma kimeingia ardhini, ukuta wa nyuma unatoa jasho mpaka kiangazi. Fundi kamwambia tia plasta ya saruji. Katia. Sasa plasta inaanguka vipande kama sahani.

#22 Shangani_Old
Hilo la plasta ndo kosa hata mjini. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, zinapumua. Ukizipaka saruji au rangi ya mafuta unyevu unafungiwa ndani ya ukuta unapanda juu, unaozesha boriti. Hiyo kijani ya magotini mbali na kuficha inaua nyumba.

#23 sauti_ya_chura
Mnakuza. Kule Mkunazini kwenye kanisa kuna vile vyumba vya watumwa chini ya ardhi, vipo tangu enzi za soko la watumwa, watalii wanashuka kila siku, mie sijasikia wamekuta maji. Wazungu wangelipia kuogelea?

#24 ticha_fizikia
Kidogo kuhusu historia. Soko lilifungwa 1873 na kanisa likajengwa hapo baadae na wamisheni wa Kiingereza. Lile jengo lenye vile vyumba, wapo wanahistoria wanaosema wamisheni ndo waliolijenga kwa ajili ya hospitali, kwa hiyo hivyo vyumba ni vya baada ya soko. Wengine hawakubali. Usitie nukta kwenye jambo ambalo wenyewe bado wanagombana.

Na kama unataka mfano wa chini ya ardhi nenda Mangapwani, lile pango la asili, unashuka unakuta dimbwi la maji matamu. Mwamba wetu ndivyo ulivyo, una matundu, kwa hiyo chujio la mzee Shangani linapitisha pande zote mbili, kushuka na kupanda.

Lakini nilichoingilia uzi ni chengine. Mnabishana maji yanatoka wapi, hakuna aliyeuliza watoto wanatoka wapi. Mleta uzi kasema mlango unafungukia nje, upande wa ngazi. Mlango upana sentimita 90, maji yakikusanyika nje kimo cha nusu mita na ndani bado pakavu, yanausukuma ule mlango kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 112. Yakifika mita moja si mara mbili, ni mara nne, kama kilo 450. Nani atasukuma? Watoto wa fomu tuu?

#25 Vespa_ya_Buluu
Ticha marekebisho madogo. Kilo 112 ni jumla ya mlango mzima, lakini bawaba zipo upande mmoja na mtu anasukuma upande wa kitasa, kwa hiyo anahitaji nusu, kilo 56 hivi. Ulitufundisha mwenyewe habari ya wenzo, nilikuwa nyuma pale karibu na dirisha.

#26 ticha_fizikia
Sahihi kabisa, nimekubali, wewe nani? Nusu. Lakini kilo 56 amesimama kwenye maji gizani miguu inateleza, na kwa mita moja bado ni zaidi ya 220. Wajapani pale Chuo Kikuu cha Kyoto wamejenga ngazi na mlango wa majaribio, watu wanaingia wanajaribu wenyewe. Ngazi inayoshukwa na maji ya sentimita 30 tu mtu mzima anapanda kwa tabu, maana yanakuja na kasi yanakukata miguu.

#27 Vespa_ya_Buluu
Sisemi mie nani, nilipata D 🙈

#28 Kitumbua
Si wageuze mlango ufungukie ndani yamekwisha?

#29 FundiMtaro
Ukifungukia ndani maji ndo yanakusaidia kuufungua, unapigwa nao usoni, na chumba kinajaa dakika mbili. Bora usiwe mlango wa mbao nzima, uwe wa nondo, maji yapite, watu waone nje kuna nini.

#30 sauti_ya_chura
Kule China si treni ya chini ya ardhi walikufa 500 kwa mpigo, na Hispania lile duka kubwa parking yake ilitoka maiti mamia wakaficha. Serikali zote zinaficha.

#31 DubaiKwetu
Chura unachanganya mbichi na mbivu. China ni Zhengzhou, 20 Julai 2021, ilipiga milimita 201.9 kwa saa moja tu, maji yakaingia laini namba 5, waliofariki kwenye treni ni 14. Hiyo mia tano, habari za mwanzo zilisema waliotolewa ni zaidi ya mia tano, wewe ukaizika. Mji mzima na jimbo ndo walikufa mamia. Na Hispania ni Valencia, Oktoba 2024, walikufa zaidi ya 200 mkoa ule na wengi kweli walikutwa kwenye gereji na vyumba vya chini. Lakini ile parking ya duka la Bonaire iliyovuma mitandaoni, walipopiga pampu wakaingia hawakukuta maiti hata moja.

#32 ticha_fizikia
Na Zhengzhou ilikuwa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri. Nahodha usije ukasema bamvua, bahari ipo mbali sana na kule 😄

#33 Nahodha_Mstaafu
Kule sikusema. Kwangu nimesema.

#34 mtoto_wa_kikwajuni
Wakubwa ahsanteni. Nimemsomea shemegi posti ya ticha simu, kanijibu "nitanunua pampu". Pampu inatosha?

#35 FundiMtaro
Pampu ni mambo manne. Uchimbe kishimo kona iliyo chini kabisa, pampu ya kuzama ikae humo, iwe na floti iwake yenyewe, bomba la kutolea liwe na chekivalvu maji yasirudi, na liishie juu mahali ambapo hayatazunguka kurudi kichochoroni. Wengi wanafanya moja na nusu, wanatoa maji wanayamwaga pale mlangoni, yanashuka tena, mota inafanya ibada usiku kucha.

#36 bimkubwa77
Na umeme ukikatika? Mvua na umeme wetu toka lini wakakaa nyumba moja. Sie ni watu tuliokaa gizani karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, msijifanye mmesahau.

#37 Kitumbua
Bimkubwa ile nilizaliwa jenereta linanguruma mpaka leo nalala vizuri pakiwa na kelele

#38 Mpemba_Asilia
Na wallahi asije akashusha ile pampu ya petroli humo ndani. Huku tulikuwa na kisa, mtu anakausha kisima kirefu, kashusha mashine chini iwe karibu na maji, kawasha, moshi wake ule hauonekani wala hauna harufu kali, kijana aliyekwenda kuangalia akalegea palepale. Walimuwahi kwa kamba, alhamdulillah, lakini siku mbili hajui jina lake. Mashine inakaa juu, mpira ndo unashuka.

#39 Nahodha_Mstaafu
Hilo shikeni. Hata ngalawa ya mashine ukifunga turubai vibaya inakuua.

#40 Shangani_Old
Zamani haya yote hayakuwepo kwa sababu mtaro wa mjini ulikuwa unasafishwa. Sasa hivi fungua mfuniko wowote: chupa za maji, mifuko, vifuu. Si mvua, ni takataka. Mitaro mikubwa imejengwa juzi juzi tu na mradi wa Benki ya Dunia na bado watu wanaugeuza jaa.

#41 sauti_ya_chura
Mzee kumbe unakubali mji unajaa maji 😏

#42 Shangani_Old
Nimesema mtaro, sikusema ghala.

#43 Vespa_ya_Buluu
Mie nadhani tuangalie na kisima. Nyumba nyingi za mjini zilikuwa na kisima ndani, vikafukiwa watu walipopata mfereji. Kifusi kile hakijashindiliwa, mvua ikijaa ardhini inapata njia hapo. Shemegi aulize kama chini ya sakafu hakuna kisima, labda bimkubwa stoo yake ilikuwa juu ya kisima.

#44 bimkubwa77
Waliniambia kuna mwenyewe humo, nikadhani wanasema jini.

#45 Kitumbua
Huyo mwenyewe kaja kudai kodi

#46 ticha_fizikia
Nitasema moja tu jengine kisha niende kusahihisha. Delhi, Julai 2024, kituo cha kusomea mitihani kilikuwa na maktaba kwenye besmenti iliyoruhusiwa kuwa stoo. Mvua ikapiga, maji yakashuka kutoka barabarani, wanafunzi watatu wakafa. Na Korea, mji wa Pohang, Septemba 2022, wakazi walishuka alfajiri kutoa magari parking ya chini, wakanasa, saba wakafa, wawili wakatolewa hai baada ya zaidi ya saa kumi, wameshikilia mabomba ya juu kwenye kijinafasi cha hewa. Hao wote hawakukutwa na maji wamelala, walikutwa wakiwa na shughuli ya maana. Kusoma. Kuokoa gari.

#47 Mpemba_Asilia
Inna lillahi.

#48 sauti_ya_chura
Mbona Wajapani na Wamalaysia wanachimba chini na maisha yanaendelea. Kuala Lumpur kuna njia ya chini inapita magari na ikija mvua kubwa wanafunga wanapitisha maji humohumo, toka 2007.

#49 FundiMtaro
Chura leo umesema la maana, niliweke kwenye kumbukumbu. Ile inaitwa SMART, karibu kilomita 10, magari yanatumia kama 4 tu. Na karibu na Tokyo wana tangi chini ya ardhi lina nguzo 59, kila moja tani 500, kazi yake kunywa maji ya mito midogo. Wao chini wamemwachia maji makusudi. Sie chini tunamwachia maji kwa bahati mbaya na juu yake tunaweka madawati.

#50 mtoto_wa_kikwajuni
Wakubwa mrejesho. Leo bamvua, nahodha ulinitia wazimu, nimekwenda saa kumi na nusu na shemegi. Jua kali, wiki nzima haijanyesha hata tone. Nimeshuka ngazi, nimefungua mlango, nikawasha tochi ya simu. Kona ya kushoto mbali kabisa na mlango kuna unyevu kama ukubwa wa mkeka wa kuswalia, na pale kwenye ufa maji yamesimama, yanameremeta. Nikachovya kidole. Nikaonja, bimkubwa nisamehe.

#51 Nahodha_Mstaafu
Chumvi.

#52 bimkubwa77
Huyu mtoto hana mama?

#53 mtoto_wa_kikwajuni
Si chumvi wala si baridi. Sabuni. Ile ya unga ya kufulia, mpaka povu linafanya.

#54 Kitumbua
😂😂😂😂 nahodha rudi bandarini

#55 FundiMtaro
Basi kuna bomba la maji machafu la nyumba ya juu limepasuka ukutani. Au karo. Nisingekodi.

#56 Nahodha_Mstaafu
Msifurahi. Siku zote wanafua, mbona yatokee leo bamvua? Bahari imepanda, karo halina pa kushukia, sabuni imerudi. Mwambie arudi siku ya maji mafu aonje tena.

#57 Vespa_ya_Buluu
Au kisima. Maji ya kufulia yanaingia kwenye kifusi cha kisima.

#58 Shangani_Old
Au mtu kamwaga ndoo. Nyote mmekwenda mbali.

#59 Tuisheni_Bora
Mie ndo shemegi. Nimeingia kusoma mnavyonisema. Kodi nishalipa miezi mitatu, sirudishiwi. Nimemuuliza mwenye nyumba tena ile rangi, leo kasema kapaka kwa sababu wapangaji wa mwanzo walikuwa na watoto wanachafua ukuta.

#60 ticha_fizikia
Watoto walichafua ukuta wote kuzunguka, kwa mstari ulionyooka?

#61 Tuisheni_Bora
Ndo nnaloliwaza hapa. Fundi, ule mlango wa nondo unaanzia shilingi ngapi?